Maisha ya Rudolf Diesel, na kwa nini lori kuukuu bado linahitaji rejeta ya hewa

Ukisimama kwenye kituo cha mafuta utasikia jina lake likitajwa mchana kutwa, na wanaolitaja hawajui kwamba wanamtaja mtu. Dizeli. Neno hilo tumelizoea kama sukari na chumvi. Liko kwenye risiti, kwenye madumu, kwenye mashine za kusaga. Lakini lilikuwa jina la ukoo wa fundi mmoja wa kujalidi vitabu, na aliyelisambaza duniani ni mwanawe, Rudolf Diesel, mtu aliyetoweka baharini usiku mmoja wa mwaka 1913.

Tunaeleza habari zake leo kwa sababu ya swali linalotufikia mara kwa mara kutoka kwa wasikilizaji wenye malori ya zamani. Rejeta ya hewa, ile iliyofungwa mbele ya rejeta ya maji na ambayo mafundi wengi huiita intakula, imepasuka. Fundi mmoja anashauri iondolewe kabisa, bomba liunganishwe moja kwa moja kutoka kwenye turbo hadi kwenye injini, lori lirudi kazini kesho asubuhi. Fundi wa pili anajua pa kupata iliyotumika, kwenye vyuma chakavu. Wa tatu anasema mpya tu, na bei yake inamfanya mwenye lori anyamaze. Mavuno yako shambani, mteja anapiga simu, na lori limelala gereji. Nani asikilizwe?

Jibu la haraka lingeweza kutolewa hewani kwa dakika moja. Ila tuliona kwamba mtu akiyafahamu maisha ya Diesel, jibu atalipata mwenyewe, na hatadanganyika tena. Mambo mawili yalimshughulisha mhandisi huyu tangu ujana wake: namna hewa inavyopata joto ikibanwa, na namna ya kuliondoa joto pale lisipotakiwa.

Mtoto aliyefukuzwa na vita

Rudolf alizaliwa Paris tarehe 18 Machi 1858. Wazazi wake, Theodor na Elise, walikuwa Wajerumani kutoka Bavaria waliokwenda Ufaransa kutafuta maisha. Baba alitengeneza bidhaa za ngozi baada ya ufundi wake wa vitabu, na fedha nyumbani hazikuwa nyingi. Mtoto alikua akizungumza Kifaransa mitaani na Kijerumani ndani.

Mwaka 1870 vita vilizuka kati ya Ufaransa na Prussia, na Wajerumani wengi waliokuwa Paris wakalazimika kuondoka. Familia ya Diesel ikakimbilia London. Huko maisha yalikuwa magumu, na mama akaamua kumtuma Rudolf, akiwa na miaka 12, akaishi na shangazi yake mjini Augsburg, Ujerumani. Mume wa shangazi, Christoph Barnickel, alikuwa mwalimu wa hisabati katika shule ya ufundi ya mji huo.

Hapo ndipo maisha yake yaliponyooka. Alipofika miaka 14 alikwisha kuwaandikia wazazi kwamba anataka kuwa mhandisi, na mwaka 1873 akamaliza shule hiyo akiwa wa kwanza darasani. Mwaka 1875 alipata ufadhili wa kusoma chuo cha ufundi cha Munich, ingawa wazazi wangependa aanze kuleta mshahara. Wasomaji wetu wengi wanaijua hali hiyo, kijana ana nafasi ya shule na nyumbani wanahesabu vinywa vya kulisha.

Munich alimkuta Profesa Carl von Linde. Huyu ndiye mtu aliyeifanya biashara ya barafu na ubaridi iwe kazi ya kiwanda. Mashine zake zilibana gesi ya amonia, gesi ikapata joto, ikapitishwa kwenye mabomba yanayopozwa kwa maji ili iache joto lake huko, kisha ikaachiwa itanuke na kuwa baridi kali. Friji ya duka la soda inafanya kazi kwa hatua zilezile hadi leo. Zingatia hatua ya katikati, ile ya kuiondolea gesi joto baada ya kuibana. Tutairudia.

Mtihani wa mwisho wa mwaka 1879 ulimpita, kwa kuwa aliugua homa ya matumbo. Wakati akisubiri mtihani mwingine alikwenda kujifunza kazi kwenye kiwanda cha ndugu Sulzer mjini Winterthur, Uswisi. Januari 1880 alifanya mtihani na kufaulu kwa alama za juu kabisa, na Linde akamrudisha Paris kusimamia mitambo ya barafu. Baada ya mwaka mmoja alikuwa mkurugenzi. Mwaka 1883 alimwoa Martha Flasche, wakapata watoto watatu.

Pampu ya baiskeli

Kama umewahi kujaza upepo baiskeli, unajua jambo ambalo Diesel aliligeuza kuwa injini. Ukipiga pampu mara kadhaa kwa nguvu, sehemu ya chini inakuwa ya moto. Msuguano unachangia kidogo tu. Sehemu kubwa ya joto inatokana na hewa yenyewe: ukiibana, inapata joto.

Injini za wakati wake zilimkera. Injini ya mvuke ilichoma makaa mengi na sehemu kubwa ya joto ikapotea bure. Ile ndogo ya karakana ilikuwa mbaya zaidi, ilipata kazi kidogo mno kutoka kwenye kila gunia la makaa. Diesel aliwaza kwamba hewa ikibanwa ndani ya silinda mpaka iwe ya moto mno, mafuta yakinyunyizwa humo yatawaka yenyewe, bila cheche na bila utambi. Kwa nguvu hiyo, fundi mdogo mwenye karakana yake angeweza kushindana na kiwanda kikubwa. Jambo hili alilichukua kwa uzito. Mwaka 1903 alitoa hata kitabu kuhusu ushirika wa wafanyakazi, kikanunuliwa na watu wachache sana.

Hati ya kumiliki uvumbuzi wake ilianza tarehe 28 Februari 1892. Mwaka uliofuata alichapisha kitabu cha nadharia yake, na kiwanda cha mashine cha Augsburg, chini ya Heinrich von Buz, kikakubali kujaribu. Kampuni ya Krupp nayo ikaingia kwenye gharama.

Jaribio la kwanza lilikuwa tarehe 10 Agosti 1893. Mashine ilikuwa na urefu wa mita 3 hivi, silinda moja. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba Diesel hakuiwekea maji ya kuipoza. Kwa hesabu zake za karatasini, injini iliyobuniwa sawasawa haikuhitaji kutupa joto nje. Mafuta yaliponyunyizwa yaliwaka kweli, presha ikapanda ghafla hadi karibu bar 80, na kifaa cha kupimia kilichofungwa juu yake kikalipuka, vipande vikaruka. Hakuna aliyekufa. Injini haikuzunguka kwa nguvu zake yenyewe, lakini moto bila cheche ulikuwa umeonekana.

Walipoitengeneza upya, wakaizungushia koti la maji. Mwanafunzi wa Linde alilazimika kukubali kwamba joto analolitaka sehemu moja litamletea hasara sehemu nyingine lisipoondolewa. Tarehe 17 Februari 1894 injini ilijiendesha kwa dakika moja hivi. Inasimuliwa kwamba fundi aliyekuwa karibu ndiye aliyegundua kwanza: mkanda uliokuwa ukiizungusha injini sasa ulikuwa unavutwa na injini.

Miaka mitatu mingine ikapita kwenye marekebisho. Katika miaka hiyo, mwaka 1896, Diesel alijaribu jambo linalotuhusu moja kwa moja. Alijaribu kuibana hewa kidogo kabla haijaingia kwenye silinda, ili silinda ileile ipate hewa nyingi zaidi. Nguvu iliongezeka. Lakini ulaji wa mafuta ukawa mbaya, na kwa kuwa lengo lake lilikuwa kuokoa mafuta, akaliacha wazo hilo. Kama tungekuwa na nafasi ya kumuuliza swali moja, tungemuuliza kuhusu siku ile.

Tarehe 17 Februari 1897 Profesa Moritz Schröter wa Munich alikuja kuipima injini rasmi. Kwa kila sehemu 100 za joto la mafuta, zaidi ya 26 ziligeuka kuwa kazi. Hapakuwa na injini nyingine duniani iliyofikia hapo.

Mamilioni, karanga na madeni

Fedha zilikuja kama mvua ya masika. Adolphus Busch, tajiri wa bia wa Marekani, alilipa marki milioni moja kupata haki ya kuitengeneza injini hiyo nchini kwake. Makampuni ya nchi nyingine yakafuata. Diesel akajenga nyumba ya kifahari Munich.

Kwenye maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1900, moja ya injini za aina yake iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Wazo hilo lilitoka serikali ya Ufaransa, iliyokuwa ikifikiria makoloni yake ya Afrika ambako karanga zilistawi. Injini ilikwenda vizuri, na wapitaji wengi hawakugundua tofauti. Mkulima wa karanga anayesoma haya kwenye simu ajue kwamba zao lake liliwahi kuendesha injini ya dizeli zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Lakini mtu huyu hakuwa na mkono wa biashara. Aliweka fedha kwenye ardhi na visima vya mafuta, akapata hasara. Kesi za kugombania uvumbuzi zilimchosha. Mwaka 1898 alivunjika afya kwa uchovu, akahitaji mapumziko marefu. Maumivu ya kichwa yalimwandama.

Na injini yake, pamoja na sifa zote, ilibaki nzito. Mafuta yalikuwa yakisukumwa ndani ya silinda kwa hewa yenye presha kubwa sana, na hewa hiyo ilitoka kwenye kompresa iliyofungwa pembeni. Kompresa kubwa za namna hiyo zilibana hewa kwa awamu, na kati ya awamu moja na nyingine hewa ilipitishwa kwenye kipoza, maana bila hivyo joto lingezidi. Jina intakula limetoka kwenye kazi hiyo, kipoza cha katikati. Uzito wa mitambo hiyo ndio uliofanya injini ya Diesel ifae kiwandani na melini, isifae barabarani. Mwaka 1912 meli ya Selandia ya Denmark ilisafiri kutoka Copenhagen hadi Bangkok kwa injini za dizeli. Lori la dizeli Diesel hakuliona likiingia sokoni.

Usiku wa tarehe 29 Septemba

Tarehe 29 Septemba 1913 alipanda meli ya Dresden kutoka Antwerp, Ubelgiji, kuelekea Harwich, Uingereza. Alikuwa anakwenda kwenye mkutano wa kampuni iliyotumia jina lake huko. Alikula chakula cha usiku na wenzake wawili, wakatembea sitahani, na kwenye saa 4 usiku akaingia chumbani baada ya kuomba aamshwe saa 12 na robo asubuhi. Asubuhi hakuwamo. Kitanda hakikulaliwa.

Siku 10 baadaye mabaharia wa Uholanzi waliona maiti baharini. Ilikuwa imeharibika, wakachukua vitu vya mfukoni tu na kuirudisha majini. Mwanawe Eugen alivitambua vitu hivyo kuwa vya baba yake.

Kuna waliosema aliuawa na matajiri wa mafuta, wengine wakasema ni majasusi, kwa kuwa vita vilikuwa vinanukia na injini yake ilikuwa ndani ya nyambizi. Habari hizo zinauza magazeti. Yanayojulikana ni kwamba kabla ya kuondoka alimwachia mkewe begi alilomwambia asilifungue mpaka wiki ifuatayo. Ndani yake mlikuwa na fedha taslimu pamoja na karatasi za benki zilizoonyesha kwamba utajiri umekwisha. Kwenye shajara yake, tarehe ya safari ilikuwa imewekwa alama ya msalaba. Sisi tunaona karatasi za benki zina uzito kuliko majasusi, ingawa hakuna aliyeshuhudia. Alikuwa na miaka 55.

Mtoto wa Winterthur

Mwaka ule ambao Diesel alikuwa akijifunza kazi kwa Sulzer huko Winterthur, 1879, mjini humohumo alizaliwa mtoto aliyeitwa Alfred Büchi. Baba wa mtoto huyo alikuwa mtu wa kiwanda kilekile. Alfred naye akawa mhandisi, na mwaka 1905 akasajili uvumbuzi ambao ulilirudia jambo Diesel aliloliacha: kuibana hewa kabla haijaingia kwenye silinda. Tofauti ni kwamba Büchi hakutumia nguvu ya injini kuibana. Alitumia moshi. Moshi unaotoka ukiwa na joto na kasi unazungusha feni moja, na feni hiyo inazungusha nyingine inayosukuma hewa safi ndani. Nguvu iliyokuwa inatupwa nje kwenye bomba la moshi ikawa na kazi. Hiyo ndiyo turbo.

Ilimchukua miaka 20 kuaminiwa. Katikati ya miaka ya 1920 meli mbili za abiria za Ujerumani, Preussen na Hansestadt Danzig, zilifungwa turbo zake, na nguvu ya kila injini ikapanda kutoka farasi 1,750 hadi 2,500. Wakati huohuo, mwaka 1924, MAN ya Ujerumani ilionyesha lori la dizeli lisilohitaji kompresa ile nzito. Mwaka 1938 Saurer wa Uswisi wakatengeneza injini ya lori yenye turbo. Büchi alifariki mwaka 1959, akiwa ameona malori yenye turbo yakianza kuuzwa. Rejeta ya hewa inayopozwa kwa upepo ilienea kwenye malori makubwa miaka ya 1970 na 1980, na malori ya umri huo na wa baada yake ndiyo mengi tunayoyaona yakipanda Kitonga kwa gia ya chini.

Sasa lile swali

Turbo inabana hewa, kwa hiyo hewa inapata joto, kama pampu ya baiskeli. Siku ya joto la nyuzi 30, turbo ikiongeza presha ya bar 1, hewa inatoka kwenye nyuzi 120 hivi. Hewa ya moto ni nyepesi. Ikipita kwenye rejeta na kushuka hadi nyuzi 55, nafasi ileile inabeba hewa zaidi kwa karibu moja ya tano. Hiyo ni hatua ya katikati ya mashine ya barafu ya Linde, imefungwa mbele ya lori lako. Joto linatakiwa ndani ya silinda, pistoni inapopanda. Likija mapema, kabla ya mlango, ni hasara.

Basi anayekushauri uiondoe na kuunganisha bomba moja kwa moja, mwulize pampu ya mafuta itafanyaje. Pampu za malori ya zamani, zisizo na kompyuta, hupima presha ya turbo ili kujua zitoe mafuta kiasi gani. Joto hazilipimi. Presha ipo, kwa hiyo pampu inamwaga mafuta yaleyale, lakini hewa ya kuyachoma imepungua. Utaona moshi mweusi mlimani. Usichokiona ni joto la moshi linalopanda na kuanza kula vichwa vya pistoni, valvu na turbo yenyewe. Kwa lori tupu, kwenye tambarare, kwenda polepole hadi gereji ya karibu, inawezekana. Kwa tani 28 za mahindi, usijaribu.

Kuna injini zilizotoka kiwandani zikiwa na turbo bila rejeta ya hewa. Hizo ni habari nyingine, pampu zake zilipangwa kwa mafuta pungufu tangu mwanzo. Mtu asikuonyeshe hizo kama ushahidi. Na baadhi ya injini za zamani za Marekani kipoza chao hakiko mbele, kimejificha juu ya injini na kinapozwa kwa maji. Kikivuja hicho, maji yanaweza kuingia kwenye silinda, na hapo usiwashe hata mara moja.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha ugonjwa uko kwenye rejeta. Mara nyingi ni mpira uliochanika au kibano kilicholegea, na mwenye lori anauziwa rejeta nzima. Fundi mwenye vifaa ataziba midomo miwili, atajaza upepo mpaka psi 30, yaani karibu bar 2, atafunga na kuangalia saa. Kwa injini nyingi za malori, ikipungua zaidi ya psi 5 ndani ya sekunde 15, rejeta haifai. Maji ya sabuni yataonyesha mahali. Vizibo vifungwe kwa mnyororo, maana vikichomoka vinaruka kama jiwe la kombeo, na kila mtu asimame pembeni.

Ikiwa ufa uko kwenye kichwa cha alumini, mchomeleaji mzuri wa gesi ya argoni anaweza kukirudisha kwa miaka. Ukiwa kwenye shina la vijibomba, pale vinapoingia kwenye kichwa, ujue utarudi, kwa sababu chuma cha sehemu hiyo kimeshachoka. Gundi ya chuma inaachia haraka kwa joto na mtikisiko. Tafuta pia chanzo. Raba za kushikilia rejeta zikiisha, fremu ya lori inajipinda kwenye makorongo na rejeta inapinda nayo, kisha inapasuka kwenye kona. Ukifunga mpya juu ya raba zilizokufa umenunua ufa mwingine.

Ya vyuma chakavu tusiidharau, ila iulizwe ilikotoka. Ikiwa lori lake liliharibu turbo, ndani mna mafuta ya injini na pengine vipande vya feni, na vijibomba ni vyembamba mno kwa mtu kuwa na uhakika vimesafika. Mafuta hayo yakivutwa kwa pamoja injini inaweza kuyachoma na kukimbia yenyewe bila kusikiliza pedali. Kwa sababu hiyohiyo, ukiisafisha kwa mafuta ya taa ikauke kabisa kabla ya kufungwa. Ingiza kitambaa cheupe mdomoni, tingisha, usikilize. Kikitoka cheusi chenye utelezi, au ukisikia mlio wa chembe, iache hapo hapo, hata ikiwa ya bei ya kutupa. Na turbo yako nayo ikiwa imevunjika, rejeta uliyonayo ina ugonjwa huohuo.

Katika kuchagua, watu hupenda kubwa zaidi. Rejeta nene kupita ya kiwandani inazuia upepo wa rejeta ya maji iliyo nyuma yake, halafu injini inachemka na lawama zinaangukia pampu ya maji. Chukua namba ya injini na ya chasisi, si jina la lori tu, kwa sababu lori la jina moja lilikuja na nguvu tofauti na rejeta tofauti. Pima upana, kimo, unene, kipenyo cha midomo na upande inapoangalia. Kati ya vichwa vya plastiki vilivyobanwa na vya alumini vilivyochomelewa, kwa barabara zetu za changarawe tungechagua alumini ikiwa mfuko unaruhusu. Mipira usiibadilishe kwa mipira ya maji. Inafanana kwa macho, lakini ya maji inavimba kwa joto na mafuta, kisha inapasuka mlimani usiku.

Ukiwa umeshaishusha, osha sehemu iliyo kati ya rejeta mbili. Hapo hukaa matope, nyasi na wadudu wa miaka mingi, na bila kuishusha hapafikiki. Maji ya presha ndogo, kutoka upande wa injini kwenda mbele, yasije yakalaza mapezi.

Kazi ikiisha, panda mlima ukiwa na mzigo wa kawaida, simama mahali salama, kisha sogeza kiganja karibu na bomba linalotoka kwenye turbo bila kuligusa. Utaona linavyofuka joto. Nenda upande wa pili, kwenye bomba linaloingia kwenye injini. Hilo unatakiwa uweze kulishika.